Umaskini wa mtu aliye kazini ndio tusiouhesabu katika uhalifu wa mijini

Ndugu Mhariri,

Kila wimbi la wizi, ukabaji na uvunjaji wa nyumba linapoukumba mji, mjadala huzunguka mambo mawili: polisi waongezwe, na vijana wasio na kazi wadhibitiwe. Sina ugomvi na jambo la kwanza, maana mji usio na doria umeachiwa wahuni. Jambo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tumezoea kuamini kwamba mpaka unaomtenga raia mwema na mhalifu ni ule ule unaomtenga mwenye kazi na asiye na kazi, na kwa sababu hiyo kila mpango unaobuniwa huhesabu ajira: zimepatikana ngapi, na vijana wangapi wameondolewa vijiweni. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kazi hizo zinalipa kiasi gani, zinalipa lini, na kama anayezifanya kwa uaminifu anaweza kuufikisha mwezi mwisho bila kukopa. Hoja yangu ni kwamba umaskini wa mtu anayefanya kazi una mkono mkubwa katika uhalifu wa mijini, mkubwa kuliko tunavyokubali, na pengine kuliko ukosefu wa kazi wenyewe.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa karani wa mishahara. Meza hiyo ni mahali pazuri pa kuujua umaskini, kwa kuwa hapo huja ukiwa umeandikwa na kutiwa saini. Wiki ya kwanza baada ya malipo hakuna anayebisha hodi. Katikati ya mwezi fomu za advansi huanza kuingia, na sababu huandikwa kwa maneno machache: kodi ya nyumba, mtoto mgonjwa, msiba. Kuelekea mwisho wa mwezi watu wale wale hawaji tena, kwa kuwa advansi haitolewi mara mbili. Hapo huenda kwa mkopeshaji wa mtaani, ambaye hushikilia kadi ya benki ya mfanyakazi kama dhamana na kujilipa mwenyewe, pamoja na riba, siku mshahara unapoingia. Mtu wa namna hiyo yuko kazini. Takwimu zinamhesabu miongoni mwa walioajiriwa, na wanasiasa wanajivunia kumpatia ajira. Lakini mshahara wake ni mali ya mwingine kabla hajaugusa, na mwezi unaofuata anauanza akiwa chini zaidi ya alipouanza ule uliopita.

Nichukue mfano wa mlinzi wa usiku, kwa sababu mji mzima unamtegemea dhidi ya wezi na bado jina lake liko karibu na mwisho wa orodha ya mishahara. Analinda kwa saa kumi na mbili bidhaa ambazo katoni yake moja huweza kuwa na thamani kuliko malipo yake ya mwezi. Kampuni iliyomwajiri hulipwa na mteja kwa kila mlinzi, hubakiza sehemu yake, na kinachomfikia yeye ni masalia, tena mara nyingine baada ya kucheleweshwa mwezi mmoja au miwili. Usiku mmoja anamjia mtu ambaye hamwombi avunje kitu wala abebe kitu. Anaombwa tu awe upande wa pili wa uzio kati ya saa nane na saa tisa. Asubuhi ghala limesafishwa, polisi wanaandika kwamba wezi walishirikiana na mlinzi, na wasomaji wanasikitika kwamba uaminifu umekwisha duniani. Simtetei. Alikuwa na hiari yake, na walinzi wengi wenye shida kama yake wamewafukuza watu wa aina hiyo na kupiga filimbi. Ninachosema ni kwamba anayepanga wizi huchagua mtu wa kumwendea, na humtafuta mwenye deni. Mishahara ya kijungujiku humrahisishia kazi hiyo, kwa kuwa humwekea mbele yake watu wengi wa kuchagua.

Kwamba uhalifu wa kutafuta fedha huongezeka mfuko unapokauka si dhana ya makarani peke yao. Mwaka 2011 mchumi C. Fritz Foley alichapisha uchunguzi wa miji 12 ya Marekani, akilinganisha siku za mwezi na matukio ya uhalifu. Katika miji ambako malipo ya msaada wa serikali hutolewa kwa pamoja mwanzoni mwa mwezi, makosa yenye tamaa ya fedha ndani yake, kama wizi, uporaji na uvunjaji wa nyumba, yaliongezeka kadiri siku zilivyosogea mbali na malipo. Makosa yasiyomwingizia mtu chochote hayakuwa na mwendo huo, wala mwendo huo haukuonekana katika miji ambako malipo husambazwa siku mbalimbali za mwezi. Ni kweli kwamba alichunguza misaada, na mimi ninazungumzia mishahara. Hata hivyo mtu aliyekaa kwenye meza niliyokaa mimi hatashindwa kuona ufanano, kwa kuwa kalenda ya shida ni ile ile.

Uchunguzi unaogusa mishahara moja kwa moja upo pia. Mwaka 2002 wachumi Eric Gould, Bruce Weinberg na David Mustard walitoa matokeo ya utafiti wa kaunti za Marekani kuanzia mwaka 1979 hadi 1997, wakiwaangalia wanaume wasio na elimu ya chuo, ambao ndio wengi katika takwimu za makosa. Walikuta kwamba ukosefu wa kazi na udogo wa malipo vyote vinahusiana na uhalifu, lakini mishahara ndiyo iliyobeba uzito mkubwa zaidi katika mwelekeo wa miaka mingi. Sababu yake haihitaji hesabu ngumu. Ukosefu wa kazi hupanda na kushuka pamoja na hali ya uchumi, na kijana aliyepunguzwa leo anaweza kutumaini kuitwa tena mwakani. Malipo ya mtu asiye na ujuzi yanapodidimia mwaka hadi mwaka, yeye na mdogo wake anayemtazama wanajifunza kwamba hata kuitwa kazini hakutabadilisha chochote. Nchini Uingereza, kima cha chini cha mshahara cha taifa kilipoanza kutumika Aprili 1999, Kirstine Hansen na Stephen Machin walilinganisha maeneo ya polisi ya England na Wales kabla na baada ya hapo, wakaona kwamba maeneo yaliyokuwa na wafanyakazi wengi wa ujira duni yalipata nafuu ya uhalifu kuliko maeneo mengine.

Mji una namna yake ya kuugeuza ujira mdogo kuwa hatari. Mjini karibu kila kitu ni cha kununua: mahali pa kulala, maji, nauli ya kwendea kazini, hata mahali pa kujisaidia. Hakuna shamba la kukimbilia mfuko ukikauka, na mara nyingi jirani anayeweza kukopesha yupo katika hali ile ile. Wakati huo huo mali iko karibu kuliko mahali pengine popote. Mtu hupita mbele ya vioo vya maduka na mageti ya nyumba kubwa mara mbili kwa siku, akienda na akirudi, na pengine ndiye anayevisafisha. Mjini vilevile hakuna anayemjua mwenzake vya kutosha kumwonea haya. Mambo hayo matatu yakikutana, yaani haja ya fedha taslimu, ukaribu wa mali na ugeni wa watu, mtu ambaye kwingine angevumilia shida yake anapata sababu, nafasi na maficho kwa pamoja.

Lipo na jambo ambalo halimo katika takwimu za wizi, nalo ni wakati wa mzazi. Mshahara usiotosha humlazimisha mtu kufanya kazi mbili, au kazi moja kwa saa za watu wawili. Anaondoka kabla watoto hawajaamka na kurudi wakiwa wamelala, na kwa saa zote zilizo kati ya hapo mtoto wa miaka kumi na minne analelewa na mtaa. Magenge hayahitaji matangazo ya kuajiri. Yanamhitaji mtoto aliyerudi nyumbani akakuta mlango umefungwa. Tunapowalaumu wazazi wa siku hizi kwa kushindwa malezi, jambo tunalolifanya kwa ufasaha mkubwa, ingefaa tujue pia wazazi hao wanatoka kazini saa ngapi na kwa malipo gani.

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu zito: maskini walio wengi hawaibi. Ni kweli, na kuwafanya washukiwa kwa sababu ya umaskini wao ni dhuluma nyingine. Mwanatakwimu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, aliliona hilo mapema. Katika kazi yake ya mwaka 1835 alionyesha kwamba baadhi ya mikoa maskini kabisa ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa na makosa machache, akaeleza kwamba hatari iko zaidi pale ufukara na utajiri vinapokaa ubavu kwa ubavu, na pale mtu anapoporomoka ghafla kutoka maisha ya nafuu hadi dhiki. Mdororo wa uchumi wa mwaka 2008 nao unatuonya tusiwe wepesi wa kusema, kwa kuwa nchini Marekani watu walipoteza kazi kwa mamilioni, na bado uhalifu uliorekodiwa mwaka 2009 ulipungua. Basi anayedai kwamba umaskini huzalisha uhalifu kama moto unavyozalisha moshi anajitia katika mtego wa kukanushwa na mfano mmoja tu. Ninachodai ni chembamba zaidi: pale ambapo kazi halali haimpatii mtu maisha, na maisha hayo yako mbele ya macho yake kila siku, wapo wachache watakaochagua njia nyingine, na uchache wao unatosha kuutia mji hofu. Mwanasosholojia Robert Merton aliandika mwaka 1938 juu ya jamii inayowahimiza watu wote wafikie mafanikio yale yale huku ikiwapa baadhi yao tu njia halali za kuyafikia. Sijaona maelezo yaliyoyapita hayo kwa ufupi.

Na tusisahau wizi wa wenye nacho. Edwin Sutherland alipowahutubia wanasosholojia wenzake wa Marekani mwaka 1939 aliwaambia kwamba makosa ya watu wa heshima na wafanyabiashara wakubwa hayawezi kuelezwa kwa umaskini, na alikuwa sahihi. Dagaa huiba kwa sababu moja na papa kwa nyingine. Barua hii ni ya dagaa.

Wapo wanaoamini kwamba adhabu kali itamaliza yote haya. Cesare Beccaria alikwisha kuandika mwaka 1764 kwamba uhakika wa kuadhibiwa huzuia uhalifu kuliko ukali wa adhabu, na tangu wakati huo hoja hiyo haijadhoofika. Kifungo kirefu kwa aliyeiba simu humrudisha mtaani akiwa na marafiki wapya, jina lililochafuka, na nafasi ya kuajiriwa kwa ujira mdogo kuliko ule aliouacha.

Hata hivyo sitaki kuuza dawa moja kwa magonjwa yote. Kuongeza mshahara peke yake hakumbadilishi kila mtu. Serikali ya Ghana iliongeza mishahara ya polisi kwa kiwango kikubwa mwaka 2010, na wachunguzi waliolinganisha safari za malori katika barabara kuu za Afrika Magharibi wakakuta kwamba polisi wa nchi hiyo hawakupunguza kudai rushwa, walidai zaidi. Malipo mazuri bila usimamizi humnenepesha anayekula rushwa. Lakini ni kosa kulichukua somo hilo na kumbebesha kibarua, kwa kuwa polisi wa barabarani ana mamlaka ya kuuza na kibarua ana nguvu zake tu.

Kuna pia ushahidi kwamba kazi yenye malipo hufanya jambo lililo zaidi ya kujaza mfuko. Katika majira ya joto ya mwaka 2012, vijana 1,634 wa shule zilizo katika maeneo yenye vurugu mjini Chicago waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi yao walipewa kazi ya muda ya wiki nane, saa 25 kwa wiki, kwa kima cha chini cha mshahara, pamoja na mtu mzima wa kuwaongoza. Sara Heller aliyefuatilia matokeo alieleza mwaka 2014 kwamba katika miezi 16 kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulipungua kwa asilimia 43 miongoni mwa waliopata nafasi, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuja baada ya kazi yenyewe kwisha. Makosa ya wizi hayakubadilika vivyo hivyo, na natamka hilo kwa kuwa halinisaidii. Linaonyesha kwamba wiki nane za malipo madogo zinaweza kumtuliza kijana asipigane, lakini haziwezi kumwondolea uhitaji. Kwa uhitaji hakuna njia ya mkato; panahitajika ujira unaoendelea.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, ambalo magazeti hayaliweki katika kurasa za uhalifu. Mfanyakazi akichukua fedha kutoka katika droo ya mwajiri, anafungwa pingu jioni ile ile. Mwajiri akizuia mishahara ya watu mia kwa miezi mitatu, akakata michango yao ya hifadhi ya jamii bila kuipeleka, au akawaandikia saa nane waliofanya kazi saa kumi, jambo hilo linaitwa mgogoro wa kikazi na kupelekwa mezani kwa mazungumzo. Nimeandaa orodha za mishahara ambazo nilijua hazitalipwa kwa wakati, na nimewaona watu wakiondoka dirishani kwangu bila kusema neno, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kulisemea. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 95 wa mwaka 1949 unataka mishahara ilipwe kwa vipindi vya kawaida na ilindwe dhidi ya makato ya kiholela, na Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 23, linamtambulia kila anayefanya kazi haki ya malipo yanayomwezesha yeye na familia yake kuishi kwa heshima ya utu. Haya si mageni kwa serikali yoyote. Kinachokosekana ni mtu wa kuyasimamia: wakaguzi wa kazi ni wachache, faini mara nyingi huwa ndogo kuliko faida ya kutolipa, na mfanyakazi anayelalamika hupoteza kibarua chake kabla shauri halijasikilizwa. Australia imechukua hatua ambayo ningependa iigwe: tangu Januari 1, 2025, mwajiri anayewapunja wafanyakazi mishahara yao kwa makusudi hutenda kosa la jinai chini ya sheria ya taifa, na anaweza kufungwa.

Watu wa biashara watasema kwamba ujira ukipanda kazi zitapungua. Hofu hiyo haina budi kusikilizwa, hasa kwa waajiri wadogo ambao wenyewe wanaganga njaa, na kima cha chini kinachowekwa bila kuangalia uwezo wa sekta husika huishia kuwasukuma watu kwenye vibarua visivyoandikwa popote. Kwa hiyo ningeanza na lisilomgharimu mwajiri mwaminifu hata senti moja, yaani mshahara uliokubaliwa ulipwe wote na kwa tarehe yake. Baada ya hapo kima cha chini kipitiwe kila mwaka kwa kukilinganisha na gharama halisi za maisha mjini, maana kiwango kinachokaa miaka bila kuguswa huliwa na bei za vitu hadi kinakuwa mapambo ya sheria. Na zabuni za ulinzi na usafi, ambazo taasisi za umma zenyewe huzitoa kwa anayetaja bei ya chini kuliko wote, ziwe na sharti la kuonyesha ni kiasi gani kitamfikia mlinzi na mfagiaji. Taasisi ya umma inayonunua huduma kwa bei isiyoweza kumlipa anayeifanya imeshiriki katika kumpunja.

Gazeti lako, Ndugu Mhariri, nalo lina nafasi yake. Fomu ya polisi huwa na mahali pa kuandika kazi ya mshtakiwa, na waandishi wenu huinukuu: mlinzi, kibarua, dereva, mfanyakazi wa ndani. Naomba wawe wanaongeza maswali mawili mahakamani au kwa familia, yaani alikuwa akilipwa kiasi gani, na mara ya mwisho alilipwa lini. Majibu yakichapishwa kwa mwaka mmoja mfululizo, habari baada ya habari, tutakuwa na kitu cha kujadili na wizara ya kazi, na si na wizara inayosimamia polisi peke yake.

Wako,
Karani wa mishahara mstaafu